Kelele za Mlango: Historia Fupi ya Makelele ya Mjini katika Tanzania

Miongoni mwa methali za Kiswahili iko moja ijulikanayo na wadogo kwa wakubwa: kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala. Maana yake ya kawaida ni kwamba mtu aliye na haki yake hababaishwi na maneno ya watu. Lakini methali, kabla ya kuwa funzo, ni ushahidi wa maisha ya wale walioitunga. Waliotunga hii walikuwa na milango ya mbao iliyozunguka juu ya vigingi vyake, nayo ikilia kila ifunguliwapo na kila ipigwapo na upepo. Mwenye nyumba alilala kwa sababu tatu: aliijua sauti ile, sauti ile ilikuwa ya mlango wake mwenyewe, na alipotaka ikome, aliweza kuinuka na kutia komeo.

Mkaazi wa leo wa Manzese, Tandale au Mbagala katika jiji la Dar es Salaam hulala katikati ya sauti za namna nyingine. Jenereta ya jirani hunguruma. Baa iliyo ng'ambo ya pili ya njia hupiga muziki. Fundi wa vyuma husaga na kukata. Mhubiri hupaza sauti kwa spika. Pikipiki hupita usiku kucha. Katika sauti hizo zote hakuna hata moja iliyo ya mlango wake, wala hana komeo la kuzitilia. Basi kuna maswali mawili yastahiliyo kuangaliwa: mji ulifikaje hapa, na je, methali ile ingali kweli?

Neno na maana zake

Neno kelele ni la zamani, nalo limo katika makamusi ya Kiswahili tangu ile ya Krapf iliyotolewa mwaka wa 1882. Katika matumizi ya asili, mwenye kelele ni mtu hasa. Watu hupiga kelele kama wapigavyo ngoma au mbiu, na mmoja akilia kwa hofu hupiga ukelele. Zikizidi huitwa makelele. Sauti za vitu vingine zilikuwa na majina yake mbalimbali. Kitu kizito kiangukacho hutoa kishindo, bahari ina mvumo, radi ina ngurumo, mnyama na ndege wana milio, majani makavu hutoa mchakacho, bunduki hualika, nyuki huvuma. Lugha ilimpa msikilizaji njia ya kusema si kwamba pana sauti tu, bali sauti ile yatoka wapi na ni ya nini.

Kwa hiyo methali ilipoupa mlango kelele, iliufanya mlango kuwa mfano wa mtu mwenye domo, asemaye bila kusikilizwa. Ni vivyo hivyo katika ile ya chura, ambaye kelele zake hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika zote mbili ladha yatoka hapo, kwamba kitu kisicho na usemi kimepewa usemi wa bure.

Tena neno hili lina tabia moja ya ajabu. Mwalimu aingiapo darasani na kuwakuta watoto wakizungumza, husema kwa ukali, “Kelele!” nao hunyamaza. Hapo neno lililo jina la ghasia lageuka kuwa amri ya kuiondoa. Jambo hili si dogo kwa mwenye kuchunguza historia. Laonyesha kwamba kuita sauti fulani kelele si kuieleza tu, bali ni kuihukumu. Na mwenye kuihukumu aghalabu ni yule mwenye mamlaka ya kunyamazisha. Katika habari zitakazofuata, swali la nani aliyekuwa na haki ya kusema “Kelele!” litarudi mara kwa mara.

Katika miaka hii ya karibuni umeingia msemo mpya, uchafuzi wa kelele, uliofuata mfano wa uchafuzi wa maji na wa hewa. Wengine husema uchafuzi wa sauti, lakini msemo huo wa pili una kasoro, kwa kuwa sauti si uchafu; adhana ni sauti, na nyimbo za arusi ni sauti. Hata hivyo, mfano wa uchafu wafaa kwa upande mmoja tu. Mto uliochafuliwa hubaki mchafu mpaka shahidi aje kuutazama. Lakini kelele ikikoma haiachi alama hewani. Aliyekoseshwa usingizi huamka asubuhi bila kitu cha kumwonyesha mtu ye yote, isipokuwa macho yake mekundu.

Sauti zenye wenyewe

Miji ya zamani ya pwani haikuwa kimya. Ni kosa kuwaza kwamba watu wa kale waliishi katika utulivu kamili mpaka mashine zilipoletwa. Lakini sauti zao kubwa zilikuwa na mambo matatu: mwenyewe, wakati wake, na maana.

Mfano wa kwanza ni mbiu. Pembe ile ilipopulizwa, watu waliacha kazi wakaenda kusikiliza, kwa maana, kama wasemavyo wenyewe, mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ilikuwa sauti kubwa kupita nyingine, lakini hakuna aliyeiita kelele, kwa kuwa ilikuwa neno. Kama ingalipigwa kila siku bila ya jambo, isingalikuwa mbiu tena.

Mfano wa pili ni siwa. Siwa mashuhuri kabisa ni mbili, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu. Na katika Unguja Mwinyi Mkuu alikuwa na siwa yake na ngoma zake, zilizokuwa alama za utawala wake. Siwa haikupulizwa na kila mtu wala kila siku. Ililia katika arusi na sherehe za wenye cheo, na ruhusa ya kuitumia ilikuwa heshima yenye kutafutwa. Hapa yaonekana jambo ambalo watu wa leo wamelisahau: katika miji ile, haki ya kutoa sauti kubwa ilikuwa mali, nayo ilitunzwa kama mali nyingine.

Mfano wa tatu ni adhana. Misikiti mingi ya kale ya pwani haikuwa na minara. Mwadhini alipanda ngazi mpaka darini, akaita kwa sauti yake mwenyewe, na eneo la msikiti likawa ni kadiri ya sauti ya mtu iendavyo. Sauti ya kibinadamu ndiyo iliyokuwa kipimo cha mtaa.

Hata Bagamoyo, mji uliokuwa na ghasia ya misafara ya bara, ulikuwa na utaratibu. Kirangozi alitangulia mbele ya wapagazi, na ngoma na bunduki zilieleza nani ameingia na nani anaondoka. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari za desturi hizo, na za ngoma za namna nyingi, katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka wa 1903. Kila ngoma ilikuwa na mambo yake: ya arusi, ya jando, ya pepo, ya furaha tu. Jirani aliyekoseshwa usingizi alijua kwa nini, na yamkini yeye mwenyewe alikuwa amealikwa.

Haifai, lakini, kuzisifu siku zile kupita kiasi. Utaratibu wa sauti ulikuwa pia utaratibu wa cheo. Mtumwa hakuwa na siwa. Kimya chake hakikuwa utulivu. Kilikuwa kukosa ruhusa.

Reli, honi na kanuni za ngoma

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Jina lenyewe laeleza tumaini lake, bandari ya salama. Mwaka wa 1891 Wadachi wakahamishia hapo makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo. Mwaka wa 1905 wakaanza kujenga reli ya kati. Ilifika Morogoro mwaka wa 1907 na Kigoma mwaka wa 1914. Pamoja na reli vikaja karakana, nyundo za chuma, filimbi ya gari la moshi na honi ya meli. Kwa mara ya kwanza mji ulisikia sauti kubwa zisizotoka katika kifua cha mtu wala mkononi mwake, zenye kufuata saa na wala si jua.

Wakati huohuo mji uligawanywa. Wadachi walianza kwa kanuni za ujenzi, na Waingereza, walioushika mji mwaka wa 1916, wakaendelea hata katika miaka ya 1920 zikawako sehemu tatu: ya Wazungu kandokando ya bahari, ya Wahindi katikati, na ya Waafrika upande wa Kariakoo, mahali palipopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia. Katikati ya Kariakoo na sehemu nyingine uliachwa uwanja wazi, Mnazi Mmoja. Sababu zilizotajwa zilikuwa za afya na usalama wa majengo, na uwanja ulihesabiwa kuwa kinga ya maradhi. Lakini uwanja ule ulikuwa pia kinga ya masikio. Upande mmoja watu waliishi katika nyumba zenye bustani na nafasi kubwa. Upande wa pili nyumba ziligusana, na chumba kimoja kilipangwa na jamaa nzima. Utulivu, uliokuwa zamani desturi ya wakati, sasa ukawa sifa ya mahali. Na mahali pale palikuwa na bei, tena palikuwa na rangi.

Katika hali hiyo ndipo zilipotokea kanuni za ngoma. Kanuni za miji za wakati wa ukoloni zilitaka kibali kitolewe kabla ya ngoma kupigwa, na saa za kuipiga zikawekewa mpaka. Si haki kusema kwamba kanuni hizo hazikuwa na faida. Hata wazee wa mitaa walilalamika mara nyingine juu ya ngoma za vijana. Lakini filimbi ya gari la moshi haikuhitaji kibali, wala tarumbeta ya askari alfajiri. Sauti ya kazi na ya serikali ilihesabiwa kuwa shughuli. Sauti ya mchezo wa raia ilihesabiwa kuwa kelele.

Raia nao walijibu kwa njia yao. Ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, ilichukua tarumbeta, ngoma za kijeshi, vyeo na mavazi ya Wazungu, ikavifanya mchezo wa mashindano. Vyama vya Marini na Arinoti vilienea kutoka pwani hata bara. Waliosema kuwa beni ilikuwa kuiga tu hawakusikiliza vizuri. Kama sauti yenye mamlaka ilikuwa ni ile ya bendi ya askari, basi wachezaji wa beni waliitwaa sauti hiyo, wakaipiga mitaani kwao.

Debe na spika

Badiliko kubwa lililofuata halikuwa la mashine ya chuma, bali la umeme. Kwanza santuri, kisha redio. Mwaka wa 1951 matangazo yalianza Dar es Salaam, na mwaka huohuo Sauti ya Unguja ikaanza. Redio ya kwanza mtaani ilikuwa ya wengi. Watu walikusanyika mkahawani kuisikiliza, na mwenye redio alifungulia sauti kwa ajili ya majirani, si kwa kuwaudhi. Ukarimu huo waeleza tabia iliyobaki mpaka leo. Mtu afunguliaye muziki mpaka mtaa mzima usikie mara nyingi haoni kwamba anachukua kitu cha watu. Aona kwamba anatoa.

Lakini tendo lililo zuri penye redio moja si zuri penye redio mia. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1967, Dar es Salaam ilikuwa na watu 272,821. Mwaka wa 2012 mkoa wake ulikuwa na watu 4,364,541, na mwaka wa 2022 walikuwa 5,383,728. Wengi walijenga wenyewe katika viwanja visivyopimwa, ukuta kwa ukuta, paa la bati, madirisha ya nondo na wavu kwa ajili ya joto. Nyumba ya namna hiyo haizuii sauti. Kinachoingiza upepo huingiza na kelele. Mji baridi waweza kufunga madirisha yake. Mji wa joto hauwezi bila ya mashine ya kupoza hewa, na mashine hiyo ni ya wenye fedha.

Mwaka wa 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kuchukua abiria mjini, na watu wakayaita daladala, kwa jina la dala, yaani shilingi tano, nauli ya siku hizo. Katika vituo vyake akazaliwa mpiga debe. Debe ni neno lenye asili ya Kihindi, nalo ni lile bati la mafuta ya taa lililotumika kuchotea maji na kupimia nafaka. Mpiga debe hana debe. Yeye huita abiria kwa mdomo, na hupiga ubavu wa gari kwa kiganja. Neno likaenda mbali zaidi, hata leo mwenye kumsifia mgombea wa uchaguzi husemwa anampigia debe. Wenye kujua methali watakumbuka kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Lugha imehifadhi humo hukumu yake juu ya uhusiano wa sauti na maana: kadiri ndani palivyo patupu, ndivyo mvumo unavyozidi.

Biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, vyombo vya muziki na spika vikawa rahisi kununuliwa. Vituo vya redio vya watu binafsi vikaanza katika miaka ya 1990. Vinanda vidogo vya umeme vikazaa mchiriku, na baadaye singeli, miziki ya mitaa ya Dar es Salaam yenye mwendo wa kasi. Na sherehe za usiku kucha zikapewa jina la kigodoro. Misikiti na makanisa vikafunga vipaza sauti. Mgao wa umeme wa mwaka wa 2006, uliotokana na ukame katika mabwawa, na ule wa mwaka wa 2011, ukaleta jenereta katika milango ya maduka. Baada ya kanuni za leseni za mwaka wa 2010, pikipiki za kukodiwa zilipata njia ya kisheria ya kuchukua abiria, nazo zikachukua jina la bodaboda lililotoka katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako watu walivushwa kwa baiskeli.

Mwisho ikaja sauti isiyo na mwenyewe kabisa. Mchuuzi wa siku hizi haiti kwa kinywa chake. Hurekodi maneno mara moja, akayatia katika spika ya betri, nayo huyarudia kutwa nzima, hata yeye mwenyewe akiwa anakula au anasinzia. Hapo safari imetimia. Mbiu ililia mara moja kwa sababu palikuwa na jambo. Spika hulia mara elfu, na hata aliyeiweka haisikilizi.

Mwili usiolala

Sasa irudiwe methali. Je, ni kweli kwamba mwenye nyumba huzoea, akalala? Elimu ya siku hizi yajibu kwamba huzoea nusu tu. Masikio hayana kope. Hubaki wazi usiku kucha. Mtu aweza kuzoea kelele hata asiamke, wala asikumbuke asubuhi kwamba zilikuwako. Lakini moyo wake huongeza mapigo, shinikizo la damu hupanda, na usingizi mzito hugeuka kuwa mwepesi. Mwenye nyumba amelala, mwili wake u macho.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli, kipimo kilichopewa jina kwa kumbukumbu ya Alexander Graham Bell. Kipimo hiki hakiongezeki kama hesabu ya kawaida: kila desibeli 10 zikiongezeka, nishati ya sauti huwa mara kumi, na sikio huiona kama imekuwa kubwa mara mbili hivi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa usiku uliotolewa kwa nchi za Ulaya mwaka wa 2009, lilipendekeza desibeli 40 nje ya nyumba. Na katika mwongozo wa mwaka wa 2018 lilieleza uhusiano wa kelele za barabara na maradhi ya moyo. Mwaka wa 2011 shirika hilo lilikadiria kwamba katika Ulaya ya magharibi watu hupoteza si chini ya miaka milioni moja ya maisha yenye afya kila mwaka kwa sababu ya kelele za magari. Ikiwa ni hivyo katika miji yenye madirisha ya vioo viwili, hali ya miji yenye madirisha ya wavu yaweza kufikiriwa.

Kwa wapenzi wa lugha, ushahidi mzito kupita wote ni ule wa watoto na kusoma. Mwaka wa 1975 Arline Bronzaft alitoa uchunguzi wa shule moja ya New York iliyokuwa kando ya reli. Watoto wa vyumba vya upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo lilelile. Na baada ya kelele kupunguzwa, tofauti ile ikaondoka. Katika München, uwanja wa ndege ulipohamishwa mwaka wa 1992, wachunguzi waliona kwamba watoto waliokaa karibu na uwanja wa zamani walipata nafuu katika kusoma na kukumbuka, na wale wa karibu na uwanja mpya wakarudi nyuma.

Sababu yake si ngumu. Mtoto ajifunzaye lugha hujifunza kwa kutofautisha sauti zilizo karibu: baba na papa, dua na tua, ghali na gari. Penye kelele tofauti hizo humezwa. Mtu mzima hujaza pengo kwa kukisia, kwa kuwa tayari ana lugha. Mtoto hana cha kukisia. Mwalimu naye, akishindana na karakana au kituo cha daladala kilicho nje ya dirisha, huacha kueleza, akaandika ubaoni na watoto wakanakili. Kile kipotezwacho hapo si utulivu tu. Ni mazungumzo, na bila mazungumzo darasa halina lugha.

Kisha wako wale wazitoao kelele wenyewe. Fundi wa kuchomelea, mwenye mashine ya kusaga nafaka, mpiga muziki wa kigodoro, na kondakta aliyekaa chini ya spika ya gari kwa saa kumi na mbili, wote hawa huumia kabla ya jirani zao. Vinyweleo vidogo vya sikio la ndani vikifa havioti tena. Mara nyingi mtoa kelele huongeza sauti kwa sababu yeye hasikii tena kama zamani.

Sheria na mtaa

Haiwezi kusemwa kwamba Tanzania haina sheria. Kanuni ya Adhabu ya mwaka wa 1930 ilihesabu kero kwa umma kuwa kosa. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliundwa mwaka wa 1983, likapewa nguvu mpya na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka wa 2004. Mwaka wa 2015 zikatolewa kanuni za viwango vya kelele na mitetemo. Kwa nyumba za kuishi kanuni zaruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku. Kwa mahali pa makazi yaliyochanganyika na biashara na starehe, 55 mchana na 45 usiku. Kwa hospitali, 45 mchana na 35 usiku. Na kwa viwanda, 70 mchana na 60 usiku. Usiku wahesabiwa tangu saa 4 za usiku hata saa 12 za asubuhi.

Tarakimu hizo ni nzuri, tena ni kali. Desibeli 35 ni kama mnong'ono wa watu chumbani. Lakini tarakimu hutaka kifaa cha kupimia, na kifaa hutaka ofisa wa kukishika, naye hana budi kufika usiku wakati muziki ungali ukipigwa. Aidha, sheria hutaka mlalamikaji, na mlalamikaji ni jirani. Atakayemshitaki mwenye baa leo atanunua sukari dukani kwake kesho. Atakayeushitaki msikiti au kanisa ataambiwa ameishitaki dini. Kwa hiyo watu wengi hunyamaza, na kimya chao huhesabiwa kuwa ridhaa. Lakini wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Zamani kidogo, jambo la namna hii halikufika polisi. Lilipelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, katika utaratibu uliowekwa na TANU baada ya uhuru. Balozi hakuwa na kipimo cha desibeli. Alikuwa na masikio, naye alilala mtaa uleule. Utaratibu huo ulikuwa na makosa yake, kwa kuwa mwenye kuamua ugomvi wa majirani alikuwa pia jicho la chama. Baada ya vyama vingi kurudishwa mwaka wa 1992, balozi alibaki mtu wa chama chake, na shauri likahamia kwa serikali ya mtaa. Kilichopotea katikati ni yule mtu wa karibu, aliyeweza kugonga mlango saa 5 za usiku akasema, “Jamani, kuna mgonjwa nyumba ya tatu,” na sauti ikapunguzwa bila hasira na bila faini.

Wako wasemao kwamba kelele ndiyo uhai wa mji, na kwamba kuzipiga vita ni kurudisha kanuni za ngoma. Hoja hiyo yastahili heshima, kwa kuwa historia iliyoelezwa hapa yaonyesha jinsi neno kelele lilivyotumiwa kuwanyamazisha wanyonge. Lakini hali imegeuka. Siku zile mnyonge ndiye aliyeambiwa anyamaze. Siku hizi mnyonge ndiye asiyeweza kulala. Mwenye nguvu amehamia penye ukuta mrefu na miti, au amefunga madirisha na kuwasha mashine ya kupoza hewa. Mtoto wa mtihani, mwuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mzee mwenye moyo mgonjwa na mama aliyejifungua juzi hawana pa kuhamia. Kudai usiku kwa ajili yao si kuizima ngoma. Miji ya zamani ilikuwa na ngoma nyingi kuliko hizi, na usiku wake ulikuwa usiku.

Walichokuwa nacho watu wale, na ambacho chaweza kurudishwa bila kurudisha vyeo vyao, ni yale mambo matatu: kila sauti kubwa iwe na mwenyewe ajulikanaye, iwe na wakati wake, na iwe na jambo. Kwa kipimo hicho adhana hupita, arusi hupita, mbiu hupita. Spika ya mchuuzi aliyesinzia haipiti, wala jenereta isiyo na kifuniko, wala baa ipigayo muziki hata saa 9 za usiku kwa wateja watatu.

Basi methali ile haijawa uongo, bali mpaka wake umeonekana. Kelele za mlango hazimzuii mwenye nyumba kulala, kwa sababu mlango ni wake. Wahenga hawakusema lo lote juu ya mlango wa mtu mwingine.